Joto la upande mmoja: nilivyofuatilia hitilafu ya amplifaya ya zamani baada ya sevisi

Amplifaya iliyochakaa kwa umri na amplifaya iliyoanza kusumbua mara tu baada ya kutoka kwa fundi hazichunguzwi kwa njia moja. Katika ile ya kwanza kila kitu ni mshukiwa, kwa kuwa kapasita hukauka, lehemu hupasuka na transista hupoteza nguvu bila mtu yeyote kuzigusa. Katika ya pili kuna mpaka ulio wazi: kabla ya sevisi kifaa kilikuwa na tabia moja, baada yake kikawa na tabia nyingine, na kilichopita katikati ni mikono ya mtu. Kwa hiyo swali la kwanza si kipuri gani kimekufa, bali ni nini kilichoguswa, kikafunguliwa, kikasogezwa au kikarudishwa mahali pake. Nilifikia msimamo huo kwa kuifuatilia hatua kwa hatua hitilafu ya amplifaya yangu mwenyewe, na ninaieleza kwa kirefu kwa sababu ni aina ya hitilafu ambayo kubadilisha vipuri hakuitibu kamwe, hata ukibadilisha vyote.

Amplifaya yenyewe ni ya stereo, ya transista tupu, iliyotengenezwa katika miaka ya 1970. Transfoma moja hulisha pande zote mbili kupitia daraja la diodi na kapasita mbili kubwa za mikrofaradi 10,000 kila moja, na hapo hupatikana volti 45 chanya na volti 45 hasi. Kila upande una bodi yake yenye jozi ya transista za kuingizia sauti, transista ya kukuza volti, transista mbili za kusukuma, na mwishoni transista mbili kubwa za kopo la chuma zilizofungwa kwenye hitisinki, yaani lile bamba nene la alumini lenye mapezi ya kupoza joto. Kati ya transista hizo za mwisho na spika hakuna kapasita ya kuzuia mkondo mnyoofu (DC). Kinachoilinda spika ni rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, ambayo husubiri sekunde chache baada ya swichi kuwashwa ndipo iunganishe, na hukata mara volti isiyotakiwa inapojitokeza. Mtengenezaji aliongeza pia swichi ndogo ya joto kwenye kila hitisinki, nayo joto linapozidi huukata umeme unaoingia kwenye transfoma, na rilei huachia pamoja nao. Swichi hiyo ndiyo iliyoziokoa transista zangu, na tangu hapo ninaiheshimu sana.

Fundi aliyeifanyia sevisi alifanya kazi safi kwa macho. Alibadilisha kapasita zote za elektroliti kwenye bodi mbili, akaweka risista mpya za kurekebishia, zile zinazozungushwa kwa bisibisi, akabadilisha transista za kuingizia sauti ambazo zilikuwa zimeanza kutoa mchakarisho, akasafisha midomo ya rilei, kisha akazitoa transista za mwisho ili kuondoa grisi ya kupitishia joto iliyokauka chini yake na kupaka mpya. Lehemu yake ilikuwa inang'aa na hakuna waya uliochunwa ovyo. Amplifaya ilipowashwa ikiwa baridi ilipiga vizuri kuliko nilivyokuwa nikiikumbuka, sauti ikiwa tulivu na besi ikiwa imekaza. Baada ya muda, hata hivyo, transfoma ilianza kuvuma, hitisinki ya kushoto ikawa haishikiki, na rilei ikakata kwa mlio wake mkavu. Ilipopoa ilirudi na kupiga vizuri vilevile, kisha mzunguko ule ule ukaanza upya.

Hitilafu inayokuja na joto na kuondoka na baridi huwashawishi watu wengi kuendelea kusikiliza, kwa kuwa muziki bado unatoka. Mimi nilitenganisha spika papo hapo. Spika nzuri huwa ndiyo sehemu ngumu zaidi kupatikana katika mfumo wa zamani, na koili yake haina subira na volti inayokaa upande mmoja. Uchunguzi wote ninaoueleza ulifanyika bila spika, huku tundu za kuingizia sauti zikiwa zimefungwa kwenye ethi ili pasipite hata chembe ya ishara kutoka nje.

Hatua iliyofuata haikuhitaji kifaa chochote. Nilimpigia fundi simu nikamuuliza, “Fundi, ukiacha vipuri ulivyobadilisha, ni kitu gani kingine ulichokifungua?” Akanijibu bila kusita, “Nilizifungua hitisinki zote mbili, ndugu yangu, maana grisi ya zamani ilikuwa imegeuka unga.” Aliniambia pia kwamba vipuri vya zamani alivihifadhi kwenye bahasha iliyobandikwa ndani ya kifuniko, na kweli nilivikuta humo, vimepangwa kwa bodi. Ninamthamini sana fundi anayerudisha vipuri vya zamani. Anampa mwenye kifaa ramani ya kazi yote, na anayekuja kuchunguza baadaye hapotezi muda kukisia ni kipi cha asili na ni kipi kigeni.

Kabla ya kuingiza mkono nilimwaga chaji ya kapasita kubwa. Mikrofaradi 10,000 kwa volti 45 huhifadhi takriban jouli 10, kiasi kinachotosha kuyeyusha ncha ya bisibisi na kurusha cheche za chuma usoni, kwa hiyo mtindo wa kuzigonganisha nguzo mbili za kapasita kwa bisibisi siukubali hata kidogo. Risista ya ohmu 220 yenye uwezo wa wati 5, ikishikiliwa kwa koleo lenye mpini wa plastiki, huishusha volti hadi karibu na sifuri kwa sekunde 10 na kidogo, bila kelele. Kisha mita huthibitisha. Upande chanya na upande hasi humwagwa kila mmoja kivyake.

Uchunguzi nilianza nao mbali, nikaja nao karibu. Volti za transfoma zilikuwa sawa pande zote, na kwa kuwa chanzo ni kimoja kwa bodi zote mbili, tatizo linalokaa kushoto tu haliwezi kutoka huko. Hali ilibaki ile ile tundu za kuingizia zikiwa zimefungwa, kwa hiyo vifaa vilivyotangulia amplifaya navyo vilitoka katika orodha. Nilitumia pia taa ya mfululizo, yaani balbu ya wati 60 ya nyuzi iliyounganishwa kwenye njia ya umeme unaoingia. Iliwaka kwa nguvu mara moja kapasita zilipokuwa zikijaa, ikafifia, ikabaki na wekundu hafifu tu. Maana yake ni kwamba hakukuwa na shoti. Lakini ni lazima niseme jambo ambalo wengi hawalisemi kuhusu taa hiyo: katika hitilafu ya joto inaweza kukupotosha, kwa sababu kadiri amplifaya inavyovuta mkondo zaidi ndivyo balbu inavyoishusha volti, na mkimbio wa joto, yaani mkondo na joto kuchocheana bila kusimama, unazimwa kabla haujaonekana. Ukiishia kwenye taa utaamini kwamba kifaa ni kizima. Taa hujibu swali moja tu, kama ni salama kukiwasha kifaa moja kwa moja, nayo ikishalijibu huondolewa.

Washukiwa walikuwa kadhaa, na nilianza na wale wanaosababishwa na kubadilisha vipuri. Mpangilio wa miguu ya transista ni chanzo cha maafa mengi katika amplifaya za zamani. Transista nyingi ndogo za Kijapani za jamii ya 2SC na 2SA, ukizitazama upande bapa huku miguu ikielekea chini, zina emita kushoto, kolekta katikati na besi (hapa ni jina la mguu, si sauti nzito) kulia. 2N5551 ina emita, besi, kisha kolekta. Na BC547 ina kolekta, besi, kisha emita. Mtu akiweka mbadala kwa kutazama umbo peke yake anaweza kuwa amezungusha miguu miwili bila kujua, na ubaya wake ni kwamba transista iliyogeuzwa wakati mwingine hufanya kazi nusu nusu, ikamficha anayechunguza. Nililinganisha kila mguu na bodi, nikaviweka vipuri vya kwenye bahasha kando ya vipya, na vyote vilikuwa sahihi. Ncha za kapasita nazo zilikuwa sahihi.

Nilipopima volti ya mkondo mnyoofu kwenye tundu za spika, kulia nilipata milivolti 8 na kushoto milivolti 34. Tofauti hiyo ilinivutia, na mchunguzi mwenye haraka angeishika na kuifuata hadi mwisho. Milivolti 34 si nyingi. Katika amplifaya za umri huu wengi hukubali hadi 50, na rilei za ulinzi kwa kawaida huamka kwenye volti nzima au zaidi. La muhimu zaidi, namba hiyo haikupanda pamoja na joto, ilishuka kidogo. Kitu kinachoshuka wakati tatizo linapanda si chanzo cha tatizo hilo. Nikakiandika pembeni na kuendelea.

Mshukiwa mwingine alikuwa mtetemo wa masafa ya juu, ambao hauna sauti masikioni lakini huzichemsha transista za mwisho huku kifaa kikiwa kimya kabisa. Hutokea hasa pale transista zinapobadilishwa na za kisasa zilizo na kasi kuliko saketi ilivyokusudiwa. 2N3055 ni mfano unaojulikana: zile za mwanzo zilikuwa za mwendo wa polepole, baadaye zikatengenezwa kwa njia nyingine iliyozipa kasi zaidi kwa jina lile lile, na saketi iliyotulia na za mwanzo inaweza kuanza kutetemeka ikiwekewa za baadaye. Dalili zake ni pamoja na risista ndogo iliyo karibu na tundu la spika, ile inayofuatana na kapasita ya mikrofaradi 0.1 kwenda ethi, kuwa ya moto au nyeusi, na mita kuonyesha namba zinazorukaruka ukisogeza mkono. Kwangu risista hiyo ilikuwa baridi pande zote mbili, na mstari wa osiloskopu, kifaa kinachochora umbo la wimbi, ulikuwa mwembamba na safi. Transista za mwisho zenyewe hazikuwa zimebadilishwa. Zilitolewa tu na kurudishwa. Nilipima pia kati ya makopo yake na hitisinki, kwa kuwa karatasi ya mika inayoyatenga ikitobolewa na ukwaruzo wa alumini kopo hugusa bamba, nikakuta hakuna mguso.

Hapo ndipo nilipofika kwenye kipimo ambacho kilisema kila kitu. Katika amplifaya ya namna hii, transista za mwisho hupitisha mkondo mdogo hata pasipo na muziki, mkondo ambao mafundi huuita bayasi. Ukiwa mdogo mno, sauti hukwaruza pale wimbi linapovuka sifuri kutoka transista moja kwenda nyingine. Ukiwa mkubwa mno, umeme mwingi huishia kuwa joto. Hupimwa kwa milivolti zinazopatikana kwenye risista ya emita, ile inayofuatana na emita ya transista ya mwisho, ambayo kwangu ni ya ohmu 0.47. Niliunganisha mita mbili kwa wakati mmoja, moja kila upande, nikafunika kifaa, nikakiwasha na kukaa nikitazama bila kugusa kitu.

Pande zote mbili zilianza na milivolti 12, sawa na takriban miliampea 25. Mtu angepima hapo na kuzima angesema pande zimelingana kabisa, na bila shaka ndivyo fundi alivyoziacha. Upande wa kulia ulipanda hadi 14, ukarudi 13, ukatulia. Upande wa kushoto ulifika 14 pamoja na mwenzake, lakini haukurudi. Ulisogea hadi 18, hadi 25, polepole sana mwanzoni kiasi kwamba nilidhani utasimama, na kadiri namba ilivyokua ndivyo mwendo wake ulivyozidi kuharakisha. Nilizima ilipofika 80. Milivolti 80 kwenye ohmu 0.47 ni miliampea 170, na kwa kuwa mkondo huo unashuka kutoka volti 45 chanya hadi 45 hasi, ni wati 15 zinazogeuka joto bila noti moja ya muziki kupigwa. Upande wa kulia ulikuwa unatumia wati 2 na kitu kwa kazi ile ile.

Ili umbo la mkimbio huo lieleweke inabidi kusema kidogo kuhusu tabia ya transista. Volti inayohitajika kati ya besi na emita ili transista ipitishe mkondo fulani hushuka kwa takriban milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi inayoongezeka. Katika saketi yangu kuna viungo vinne vya namna hiyo kwa mfuatano, viwili vya transista za kusukuma na viwili vya transista za mwisho, na zote zimefungwa kwenye hitisinki moja. Kwa hiyo volti inayohitajika hushuka karibu milivolti 8 kwa kila nyuzi. Volti inayotolewa isiposhuka nayo, mkondo huongezeka. Mkondo ukiongezeka joto huongezeka. Joto likiongezeka mahitaji hushuka zaidi. Mwanzoni risista za emita huupunguza mwendo huo, lakini zikizidiwa hakuna tena kinachozuia isipokuwa fyuzi, swichi ya joto, au kifo cha transista.

Wabunifu waliijua tabia hiyo, na ndiyo maana kwenye kila hitisinki huwekwa transista ndogo ambayo kazi yake si kupitisha muziki bali kuhisi joto. Ndiyo inayoamua volti kati ya besi za transista za kusukuma, nayo ikipata moto huishusha volti hiyo kwa kiasi kinachofuata mahitaji ya wenzake. Nilihamishia mita zangu hapo. Vikiwa baridi, pande zote mbili zilionyesha volti 2.36. Upande wa kulia, hitisinki ilipopanda nyuzi 6 hivi juu ya joto la chumba, volti ilishuka hadi 2.31, ambayo ni karibu kabisa na hesabu ya milivolti 8 kwa nyuzi. Upande wa kushoto hitisinki ilipanda zaidi ya nyuzi 30, lakini volti ilishuka hadi 2.33 tu. Bamba lilikuwa linaungua na mhisi wake hana habari.

Bado kulikuwa na uwezekano wa aina mbili: ama transista ya kuhisi ilikuwa mbovu, ama ilikuwa nzima lakini joto halikuifikia. Hilo lilitenganishwa kwa jaribio rahisi. Kifaa kikiwa kimewashwa na kimepoa, nilisogeza ncha ya chuma cha kulehemu karibu na mwili wa transista ya kuhisi ya upande wa kushoto, bila kuigusa. Milivolti kwenye risista ya emita zilishuka mara moja, kutoka 12 hadi 5 na chini yake, na nilipokiondoa chuma zikapanda tena. Kwa hiyo transista ilikuwa hai na yenye wepesi. Mtu angeibadilisha na mpya, angepata matokeo yale yale, kwa sababu angeifunga mpya mahali pale pale pabovu. Ilikuwa kama kumpima mtu homa kwa kipimajoto kilichowekwa juu ya meza.

Nilizima, nikamwaga chaji, nikaitazama kwa tochi. Transista hiyo ni ya plastiki, yenye upande mmoja bapa, na hubanwa kwenye alumini kwa kibanio kidogo cha bati la springi chenye skrubu moja. Kwenye upande wa kulia upande bapa ulikuwa umelala kwenye alumini bila nafasi. Kwenye upande wa kushoto skrubu ilikuwa imekazwa barabara, kibanio hakikulegea, na ukiigusa transista haikutikisika. Kwa jicho la haraka kila kitu kilikuwa sawa. Lakini nilipoweka tochi upande wa pili niliona mstari wa mwanga ukipita kati ya plastiki na alumini, upana wake kama unene wa ukucha. Kibanio kina kiwiko kisicholingana pande zake mbili, na kilikuwa kimerudishwa kikiwa kimegeuzwa, hivyo kikaikandamiza miguu ya transista badala ya mwili wake, na mwili ukainuka.

Nilipokifungua niliona ushahidi ulionipendeza zaidi kuliko namba zote za mita. Fundi alikuwa amepaka grisi nyeupe mahali pa transista ya kuhisi, kwa uangalifu, duara dogo lililosawazishwa. Grisi hiyo ilikuwa laini na tupu, bila alama yoyote ya kukandamizwa. Upande wa kulia grisi ilikuwa imebonyea na kubeba umbo kamili la transista, hata ukingo wa plastiki ulionekana. Ule wa kushoto haukuwahi kuguswa tangu upakwe.

Nilikigeuza kibanio, nikaipaka grisi upya kwa utando mwembamba kiasi cha kuona rangi ya alumini chini yake, kwa kuwa grisi nyingi haipitishi joto vizuri kuliko kidogo. Kazi yake ni kujaza mikwaruzo, si kutengeneza godoro. Nilihakikisha miguu ya transista haivutwi na bodi wakati skrubu inakazwa, maana miguu mifupi inaweza kuinyanyua tena polepole bamba linapopanuka kwa joto.

Kabla ya kurekebisha bayasi niliangalia jambo moja zaidi kwenye zile risista mpya za kurekebishia, jambo ambalo naona kila anayebadilisha risista hizo angelijali. Mahali zinapokaa katika saketi ya mhisi huamua nini kitatokea siku kidole chake cha ndani kitakapopoteza mguso. Ikiwa iko kati ya besi na emita ya mhisi, mguso ukipotea bayasi hushuka na sauti hukwaruza tu. Ikiwa iko kati ya besi na kolekta, mguso ukipotea mhisi huzimika, volti hupanda hadi juu kabisa, na transista za mwisho huondoka kwa sekunde. Yangu iko upande salama, na hilo ni sifa kwa waliobuni. Niligundua pia kwamba risista mpya huongeza bayasi ikizungushwa kulia ilhali za zamani zilizokuwa kwenye bahasha zingeongeza kwa kuzungushwa kushoto. Niliandika hivyo kwa kalamu kwenye bodi, kwa ajili ya mkono mwingine utakaokuja na kitabu cha maelekezo cha asili.

Marekebisho yenyewe niliyafanya kwa subira. Nilianza na bayasi chini kabisa, nikaipandisha hadi milivolti 10, nikafunika kifaa kwa kuwa hewa ya ndani hubadilika sana kifuniko kikiwa wazi, nikaacha joto litulie kwa muda wa nusu saa ndipo nikaisogeza hadi 13. Upande wa kushoto sasa ulipanda hadi 15, ukarudi, ukatulia karibu na mwenzake. Kisha niliunganisha risista kubwa za ohmu 8 mahali pa spika na kuipa ishara yenye nguvu ya wastani hadi hitisinki zote mbili zikawa za moto kweli, nikaiondoa ishara ghafla na kuzitazama mita. Hicho ndicho kipimo kigumu zaidi kwa mhisi, kwa sababu bamba lina moto mwingi wakati ambapo bayasi inatakiwa kurudi mahali pake. Pande zote mbili zilishuka chini ya 13, zikakaa huko kidogo, kisha zikapanda taratibu pamoja, bila moja kuiacha nyingine. Transfoma haikuvuma tena na rilei haikukata.

Ilibaki ile milivolti 34 ya upande wa kushoto niliyokuwa nimeiweka pembeni. Chanzo chake niliona ni jozi mpya ya transista za kuingizia, ambazo ukuzaji wa mkondo wake haulingani sawasawa. Nilizipima miguuni mwake zikiwa kwenye bodi na mgawanyo wa mkondo ulikuwa umeegemea upande mmoja. Ingewezekana kutafuta jozi iliyolingana zaidi na kuishusha namba hiyo hadi chini ya 10. Sikufanya hivyo. Kwa spika ya ohmu 8, milivolti 34 ni nguvu iliyo chini sana ya elfu moja ya wati, koili haiihisi, na njia za shaba kwenye bodi za umri huu huachia gundi yake kila zinapopashwa moto tena. Pale palikuwa tayari pameshalehemiwa kiwandani na kulehemiwa upya kwenye sevisi, na mviringo wa shaba wa mguu mmoja ulikuwa umeanza kuinuka ukingoni.

Nilimpigia fundi tena kumweleza kuhusu kibanio, na akaniomba nimtumie picha ya pande zote mbili, wa kulia na wa kushoto, kwa sababu alikuwa na amplifaya nyingine ya muundo huo mezani kwake, hitisinki zikiwa bado zimefunguliwa.